Mfano wa Mwalimu Ndeti

Jiwe la tatu lilimpata Mulei mdomoni, akatema meno mawili kwenye vumbi la soko la Kyuso. Tairi lilikuwa tayari shingoni mwake.

Mwalimu Ndeti alijipenyeza akisukuma watu kwa viwiko, hasira na hofu vikimgombania. Aliwajua wote hawa. Wauza ndengu, waumini wenzake wa kila Jumapili, na leo walikuwa wakinuka petroli.

"Mwachieni! Mna ushahidi gani?"

"Mzee Ndululu ameuawa kwa panga zizini kwake," alisema Mutisya, aliyeshika mtungi. "Aliyemkata anatumia kushoto. Ameacha alama za akala, viatu vya tairi. Na mbwa hawakubweka. Mulei anatumia kushoto, anavaa akala, na ndiye anayemchungia mzee mifugo. Mwalimu, mambo ya chuo peleka chuo. Huyu leo anachomwa."

Lakini mambo ya chuo ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo Ndeti. Miaka minane alikuwa akiandika historia ya wanamantiki wa karne iliyopita: wale waliopanga vitu kwa madaraja ili orodha isijiweke ndani yake yenyewe, na wale waliokuja kuonyesha jinsi hoja inavyoangushwa. Buni ulimwengu mmoja tu ambamo ushahidi wote ni kweli na hukumu bado ni uongo. Basi, hoja imekufa.

Alipanda juu ya gunia la ndengu akaubuni.

"Tuseme yuko mwingine. Kijana, anatumia kushoto, anavaa akala. Mbwa wamemzoea kwa sababu huja mzee akiwa shambani, kumwona binti yake, Kanyiva. Leo mzee amerudi mapema, akawafumania. Wakashikana. Kuna neno lenu hata moja lililoharibika? Hakuna! Na Mulei hana kosa."

Watu walitazamana. Mmoja akalivua tairi shingoni mwa Mulei, akalitupa kando. Ndeti nusura alie kwa furaha. Mkewe alizoea kumcheka kwamba vitabu vyake havijawahi kumfaa hata kuku.

"Ni nani huyo?" aliuliza Mutisya.

"Hakuna! Nimembuni. Ni mfano tu."

Hakuna aliyemsikiliza. Macho yote yalikuwa yamehamia kwa Kanyiva, aliyeketi ukingoni mwa umati, leso yake imelowa damu ya babake. Mikono ikamnyanyua kwa nywele. Ndeti alipiga kelele kwamba mtu wa kubuni si mtu wa nyama, jamani, hawa wawili hawachanganywi! Kofi la kwanza likamwangusha msichana. La pili likampasua juu ya jicho.

"Hakumuua!" alilia Kanyiva. "Nzau hakumuua baba! Alikuwa ashaenda!"

Mutisya akamgeukia Ndeti, akavua kofia kama alivyomvulia siku zote.

"Pole, Mwalimu," alisema. "Mwanao Nzau yuko nyumbani?"