Njia ya Nusu Saa

Evanson alipanda kilima akiwa amebeba viatu vya mkewe ndani ya begi. Jozi tatu: vile vya kanisani, raba za kutembelea, na hata malapa ya bafuni. Wariara alikuwa ametoka nyumbani miguu mitupu, mtoto mgongoni, na tangu atoke, mumewe hakuwa ameweka kitu mdomoni ila chai ya kupewa.

Mbele yake alitembea Muthoki, msichana anayeuza avokado pale njia inapoanzia. Yeye pia hakuwa na viatu. Evanson alipomwuliza kama mawe hayamchomi, alijibu tu kwamba leo akala zake, zile ndara za tairi, haziko.

Kilima chenyewe ni kifupi. Wageni wanaokuja Kilungu hukipita bila kukitazama, wakienda kwenye vilima vyenye majina. Hawajui kwamba ukiwa juu yake unaona kote: upande mmoja nchi tambarare mpaka macho yanachoka, upande wa pili soko, makutano, na barabara ya Mombasa, malori yakiwa madogo kama siafu. Pale chini mtu alikuwa ameandika kwa rangi kwenye jiwe: KILELENI NUSU SAA.

Wao walikuwa wametembea saa moja na nusu.

"Kwani hilo jiwe linadanganya?" Evanson aliuliza, akihema.

"Hilo ni la watu wa kupiga picha, bosi. Sisi tunatafuta mtu."

Na kweli walitafuta. Kila kichaka Muthoki alisimama, akamwambia aite. Alimpeleka kwenye chemchemi, akampeleka kwenye pango la mbuzi, wakarudi tena njiani. Evanson alifuata kama mtu asiye na macho yake mwenyewe.

Tangu jana asubuhi alikuwa ameegesha pikapu yake kwenye makutano, maana gari lolote linalotoka vijijini kwenda barabara ya Mombasa lazima lipite hapo. Kila moja alilisimamisha. Alichungulia ndani, akaonyesha picha ya Wariara, akashukuru, akarudi kukaa. Usiku alilala hapo hapo kwenye usukani. Akina mama wa soko walimhurumia, wakampelekea chai kwa chupa. Walisema huyo ndiye bwana, si hawa wao ambao hata ukipotea wiki watauliza tu chakula kiko wapi.

Muthoki alikaa karibu na avokado zake akamtazama siku nzima. Leo asubuhi ndipo alipoenda kwenye dirisha la pikapu. Alimwambia ameona mwanamke na mtoto wakipanda kilima alfajiri, na kwamba mwanamke huyo alitembea kama mtu asiyefikiria kushuka. Juu kule, upande wa nyuma, kuna genge, mwamba uliokatika wima. Evanson aliruka nje akaacha mlango wazi.

Sasa alikuwa akiongea peke yake huku akipanda. Haelewi. Alimjengea nyumba ya mawe. Hakuna kitu Wariara alikosa, hata dukani hakuwa anatumwa, kila kitu alimletea yeye mwenyewe.

"Kufuli nilifunga kwa mkono wangu," alisema. "Dirisha zina vyuma, mji wetu umejaa wezi. Sijui alitokea wapi."

Muthoki aliendelea kupanda mbele yake. Walikuwa wamefika mahali pa kushikilia mizizi ili kupanda.

"Hapa mtu wa mkono mmoja anapita kwa shida," alisema.

Evanson alisimama. "Nani amekuambia mkono wake umeumia?"

Upepo ulipita kwenye majani. Muthoki alibaki ameshika mzizi.

"Si ni wewe ulisema kule chini."

Evanson alimkazia macho. Halafu akajipangusa uso na kusema labda ni kweli, kichwa chake siku hizi hakikumbuki hata kimesema nini.

Kileleni hapakuwa na mtu. Muthoki alimwonyesha genge, akamwambia alale kifudifudi ili upepo usimsukume. Evanson alitambaa mpaka ukingoni, akaita jina la mkewe mpaka sauti ikakatika. Machozi yalimdondoka yakaenda chini.

"Rudi tu," alisema. "Rudi, sitakuuliza kitu." Kisha, bila kugeuka, akamwambia Muthoki, "Nikimpata hatatoka tena. Naapa mbele ya Mungu, hatatoka tena hata mlangoni."

Muthoki alifungua leso yake ya manjano kiunoni. Aliitandaza kwenye jiwe, upande ule unaotazama soko, akaweka mawe kwenye pembe zake.

"Unafanya nini?"

"Imelowa jasho. Endelea kumwita, bosi. Pengine anasikia."

Evanson akaendelea kuliitia genge.

Nyuma yake Muthoki alisimama kando ya leso akitazama makutano. Pikapu ilikuwa peke yake, mlango bado wazi. Lori dogo la avokado liliteremka polepole, na mama yake akatokea barabarani akalipungia mkono. Likasimama. Ndipo mtu mmoja akatoka mbio nyuma ya jiko la nyumba yao kando ya soko, mdogo kama punje, amebeba kitu mgongoni.

Kutoka huko juu huwezi kuona mtu amevaa nini miguuni. Lakini kati ya lile jiko na barabara ni mawe matupu na miba ya mgunga, na Wariara aliyavuka bila kuchechemea hata mara moja, mpaka Muthoki akajua kwamba akala zake zilimtosha.