Jembe la Sungura

Maximilla, mama wa bibi harusi, alilinusa jembe. Hakulipima uzito wala kuligonga asikie mlio wake. Alilinusa kama mtu anayenusa nyama anayoitilia shaka, akaligeuza aone muhuri wa sungura shingoni, kisha akalirusha uani. Kuku wakatimka.

"Hili sipokei."

Upande wa bwana harusi wakatazamana. Mbuzi amepokea, mablanketi amepokea, sasa jembe linamshinda nini? Na kwa Waha, kama kwa Warundi, mahari bila jembe ni porojo. Binti, Niyubahwe, haondoki. Harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi.

"Mkwe, hilo ni jipya," Bazilio, baba wa kijana, akasema. "Hata grisi halijafutwa."

"Grisi yake nimeisikia. Hata unifunge macho naijua. Wewe si mhunzi? Niletee isuka, jembe la kufuliwa kwa mkono. Huyo sungura wako asikanyage kwangu."

Bazilio aliokota jembe, masikio yanamwaka. Kumbe anasimangwa! Nyakitonto nzima inajua alikuwa mhunzi, majembe yake yamelima mpaka Kitahana. Halafu akaja sungura, jembe la kiwandani kutoka huko ng'ambo, limepakwa rangi ya kijani, linauzwa rahisi kuliko gunia la mkaa wake. Masika tatu tu, mvukuto ukawa nyumba ya panya. Leo mwanawe anaoa, baba mtu kanunua jembe kwa adui yake, na bado anatukanwa!

Kesho yake alipanda bodaboda hadi Kasulu, akaingia dukani kwa Shamsia bila hodi.

"Bi Shamsia, huna jembe lisilo na sungura?"

"Labda ulifue wewe, baba." Shamsia alicheka, kisha akauliza, "Nani kalikataa?"

"Maximilla. Mkwe wangu."

Kicheko kikakatika. Mama yule akachomoa panga kwenye rafu, akalilaza mezani. Karibu na mpini alikuwa ameketi sungura yuleyule, masikio juu.

"Kiwanda kimoja," Shamsia akasema. "Mwaka tisini na tatu Warundi walipokimbilia huku kutoka kwenye mauaji ya mapanga, wengine wakiona hili dukani wanatoka mbio. Mkwe wako alivuka mpaka ana miaka kumi na miwili, peke yake. Kwao hakubaki mtu. Sasa wewe mletee sungura nyumbani kwake!"

Hasira ya Bazilio ikatafuta mtu mwingine wa kumng'ata.

"Mashine ileile? Tukilima wanauza, tukichinjana wanauza?"

"Na mimi nauza," Shamsia akasema. "Na wewe umenunua."

Alirudi Nyakitonto akafukuza panya, akawasha moto. Chuma je? Spring za magari hakuna tena. Malori ya vyuma chakavu yamezoa kila kitu kikayeyushwe nondo, hata rimu iliyokuwa kengele ya shule. Chuma pekee kilichobaki kijijini ni kile alichokishika mkononi.

Bazilio akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyechukia. Akamsukuma sungura motoni.

Rangi ilitoa mapovu. Grisi ikafuka moshi. Akalitoa jekundu, akashusha nyundo mpaka masikio yakalala, mpaka sungura mzima akawa bapa. "Hii ya mvukuto wangu! Hii ya yule mtoto!" Akakata pete ya mpini, akachonga mkia wa kuchomeka kwenye mti wa mpini, kama alivyofundishwa na baba yake. Jua linazama, jembe likawa jeusi, lina makovu ya nyundo, halifanani na kitu chochote cha dukani.

Ijumaa alilipeleka kwa mikono miwili. Maximilla akalinusa. Akapitisha kidole shingoni, akarudia tena. Moshi mtupu.

"Hili lina mtu," akasema, machozi yakamtoka. "Hili likikosea, najua wa kumuuliza. Niyubahwe, mwanangu! Toka, kwenu kumekucha!"

Bibi harusi akatoka, vigelegele vikapasua ua. Bazilio aling'ata mdomo asicheke: chuma kilekile! Kamzunguka mkwe, kakizunguka na kiwanda. Lakini alipomwona mama wa watu amekumbatia jembe kama mtoto, huruma ikamzidi. Akainama sikioni mwake.

"Unisamehe lile la kwanza, mkwe. Sikujua. Hao waliompiga baba yako panga, Mungu asiwape usingizi."

Maximilla alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nani kakwambia baba alipigwa?"

Akalilaza jembe mapajani, akashika upindo wa kitenge, akaanza kulipangusa polepole, upande huu, kisha ule.

"Maboksi ya mapanga yalishushwa kwetu, mkwe. Baba anaita jina, mtu anakuja kuchukua lake. Mimi nilikuwa nafuta grisi."