Mayai ya Shangazi

Tunu alipanda ngazi mbio akamshika mwenye nyumba mkono wa kanzu.

"Mzee Shomvi, njoo uone."

"Kama ni habari ya dirisha, nimeshakwambia sitoboi ukuta. Chumba cha chini ya ardhi hakina joto. Joto ni lako wewe, mwanangu."

"Njoo tu, baba."

Alimfuata akinung'unika. Ukuta mmoja wa chumba ulipakana na tanuri la mkate la jirani, na kiangazi chote Tunu hakuthubutu kuwasha jiko humo. Hata mayai ya kienyeji aliyoletewa na shangazi yake wiki tatu zilizopita hakuwa ameyapika. Yalikuwa kikapuni, juu ya kanga kuukuu, kando ya ukuta ule, na kila akifagia alikisukuma kikapu huku na huku.

Mzee alichutama, jasho likimdondoka puani. Yai moja lilikuwa na ufa. Ndani yake kitu kiligonga, kikapumzika, kikagonga tena.

"Kuku gani ameyaatamia haya?"

"Hakuna kuku, baba. Ni chumba chako."

Ganda lilibanduka, na mdomo mdogo wa manjano ukachungulia. Mzee akavua viatu vyake, akaviweka pembeni kama mtu anayeingia msikitini.

"Funga mlango," alinong'ona. "Watapigwa na baridi."

Tunu alisimama na mkono kwenye kitasa, akijizuia kucheka. Yai la pili lilianza kutikisika.