Shati Juu ya Kasia

Lukeba alivua shati, akalifunga kwenye ncha ya kasia, akaliinua kadiri mikono ilivyomruhusu. Maji ndani ya mtumbwi yalishamfika magotini. Wimbi lilikuwa limechukua kata ya kutolea maji, pamoja na mikeke yote aliyovua, samaki walionona kweli kweli.

Kila mvuvi wa Rumonge anajua: ukiona nguo juu ya kasia, unageuza mtumbwi, hata kama mwenye nguo ni adui yako. Asiyegeuka, ziwa halimsamehe. Lakini nani angegeuka leo? Ilikuwa sikukuu ya Uhuru, Julai 1962. Watu wote walibaki nchi kavu wakingoja ngoma, na ziwa lilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa.

Hata yeye hakutaka kutoka. Ziwani haendi mtu mmoja: huyu anapiga kasia, yule anatoa maji. Lakini Asmani, mwenzake wa miaka yote, alikuwa na jipu kwapani.

"Hata kijiko sinyanyui, ndugu yangu," alisema asubuhi, mkono umening'inia.

Na Vestine, mke wa Lukeba, akamcheka. "Bwana mzima unaogopa kuwa peke yako? Leo kila nyumba inataka mukeke. Nenda mbali, kule ndiko iko samaki wakubwa. Mimi nitakungoja na ugali."

Basi akaenda mbali, mpaka mapaa ya Rumonge yakapotea machoni. Ndipo upepo wa kusini ukaamka.

Sasa aliinua kasia tena. Alimfikiria Vestine akifunika ugali usipoe. Asiporudi, nani atampelekea habari?

Kisha akaona mtumbwi ukitoka upande wa Rumonge, umeelekea Kongo. Ulikuwa unapita zake. Ukasita. Ukageuka. Mwenye kupiga kasia aliinama na kuinuka kwa namna ambayo Lukeba aliijua kuliko sura yake mwenyewe. Ni Asmani. Machozi yakamtoka. Na jipu lake lote, amekuja kumtafuta.

Mtumbwi ulipofika, Lukeba aliushika ubavuni kwa mikono miwili, akajivuta. Ndani kulikuwa na godoro lililokunjwa, sufuria zilizofungwa pamoja, kuku wawili waliofungwa miguu, na mwanamke aliyeketi juu ya godoro, amejifunika kitenge mpaka machoni.

Asmani alikuwa anatazama maji.

"Nilikuambia tusigeuke," Vestine akamwambia.