Taa ya Aikande

Siku hizo kila Mkristo alivaa taa kifuani. Akili ikiwa kwa Mungu, taa iliwaka. Akili ikitoroka, taa ilizimika, na wote waliopo wakaona. Ya Aikande ilimtia aibu kila sala ya jioni. Harufu ya maharage yanayoungua iliizima, na mwanawe Ndemi, mgonjwa wa pumu, akikohoa tu chumbani, basi, giza.

“Mama Ndemi,” alisema mumewe Eliamani, mzee wa kanisa, “utakosa Meza ya Bwana tena. Washarika wananiuliza nina mke wa namna gani.”

“Na mtoto akibanwa je, Baba Ndemi?”

“Mwachie Mungu. Wewe usisikie.”

Basi akajifunza kutosikia. Alianza na mvua juu ya bati, akaja kwa jirani anayegombana na mbuzi wake, na kila jioni akaifungia mlango sauti nyingine.

Ikafika jioni ambayo taa yake iliwaka toka wimbo wa kwanza mpaka Amina. Eliamani alimshika mkono, machozi yakimlengalenga.

“Bwana amekutendea, mke wangu.”

Aikande akampelekea mtoto uji chumbani. Alimkuta sakafuni nyuma ya mlango, midomo imegeuka bluu, dawa yake ya kuvuta ameing'ang'ania mkononi. Kumbe aliifuata kwa kutambaa.

“Nilikuita, mama,” Ndemi alinong'ona. “Nilikuita sana.”

Aikande alimpakata, akasubiri moyo umshtuke. Taa ilimmulika mtoto usoni, wala haikutikisika.