Asiyelia

Bi Siwema, msimamizi wa kiwanda cha sabuni, alikaa na barua mfukoni tangu asubuhi. Tajiri alitaka apunguzwe mfanyakazi mmoja, na jina alilichagua Bi Siwema: Mwanaidi, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kukata miche ya sabuni kwa waya. Alimchagua kwa kuwa ndiye asingelia.

Saa nne alimpa. Mwanaidi aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja.

“Bi Siwema, hii miche niimalizie?”

“Malizia.”

Bi Siwema alitafuta huruma moyoni mwake, hakuiona. Aibu nayo hakuiona. Alisimama tu akitazama waya ukishuka na miche ikitoka sawasawa. Wanawake wengine walikuwa wameacha kazi wakimtazama yeye msimamizi, mikono wameificha chini ya aproni, wasije nao wakapewa barua.