Upande wa Mabwanyenye

Mwalimu Fidele alichora mstari katikati ya darasa kwa ncha ya fimbo, kuanzia ubaoni hadi mlangoni, sakafu ya udongo ikatimka vumbi.

"Kushoto makabwela. Kulia mabwanyenye. Kila mtu asimame upande wake, kisha aniambie kwa nini."

Kitabu walikuwa wamekimaliza jana yake. Kilikuwa kimoja tu kwa darasa zima, hakina jalada, na Mwalimu alikisoma huku akitafsiri papo hapo: vijana wa mji mmoja wa mbali, wenye nacho upande huu wa reli, wasio nacho upande ule, na ngumi kila Jumamosi. Kijana mmoja alipochomwa kisu kwenye kurasa za mwisho, darasa lote lilitokwa machozi. Niyubahwe peke yake alikaa mkavu.

Hakuna aliyemlaumu. Mwaka ule wa tisini na nane kambi nzima ya Mtabila ilijua kwamba Mama Dorcas, mjane wa watu, alikimbia Burundi na binti mmoja, na kwamba binti huyo hacheki, halii, wala hasimulii ya nyuma. Mtu aliyeyaona yale utamwuliza nini tena? Vita vimemkata ulimi, walisema, wakamwacha.

Na siku hiyo haikuwa ya mchezo. Shirika la kuhudumia wakimbizi lilikuwa limetoa nafasi moja, moja tu, ya mtoto wa mkimbizi kusoma sekondari Kasulu mjini, ada na sare juu yao. Atakayejibu vizuri kuliko wote ndiye angekwenda. Wengine, basi tena, shule ingeishia hapo hapo.

Darasa likamiminika kushoto, watu wakikanyagana. Nduwayezu, kijana mwenye mdomo kuliko wote, akapaza sauti: "Mwalimu, sisi hatuna hata nchi! Kabwela gani atatuzidi?" Wakampigia makofi.

Niyubahwe akavuka mstari, akasimama kulia. Peke yake.

"Yoo! Tajiri wa dengu za mgao huyo!" Nduwayezu akamdhihaki, na vicheko vikapasuka.

"Kwa nini, binti yangu?" Mwalimu aliuliza taratibu, kama alivyozoea kusema naye.

"Tunakula kila siku," akasema Niyubahwe, macho chini. "Tukiugua tunatibiwa bure. Shule bure. Huko nje ya kambi mtu anafaulu, na kama kwao hawana kitu anarudi kulima. Mabwanyenye wa kwenye kitabu hawakujua kuwa ni mabwanyenye. Na sisi hatujui."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Ungedhani anasoma tangazo la mgao wa sabuni.

Mwalimu akakuna kidevu. Hoja ilimwingia, lakini alitaka kuijaribu. Dirishani alikuwa amesimama mama mmoja mwenyeji wa Muyama, kijiji cha jirani na kambi, miguu mitupu, kikapu cha mihogo kichwani. Alikuja kila siku ya soko kubadilisha mihogo kwa unga wa njano wa mgao, na kila akija lazima achungulie darasani. Watoto walimwita Mama Mihogo, wakimcheka nyufa za miguu.

"Mama, hebu ingia kidogo. Una shamba?"

"Ego, ninalo."

"Na nchi unayo?"

"Si hii tunayoikanyaga?" Watoto wakaangua kicheko.

"Una mtoto anayesoma?"

Mama Mihogo akashusha kikapu chini. "Nilikuwa na binti. Alifaulu la saba, tukakosa ada. Sasa sinaye."

"Pole sana, mama. Haya, chagua upande wako."

Akautazama mstari. Akapita mbele ya Niyubahwe bila kumtupia jicho, akaenda kusimama kati ya makabwela, bega kwa bega na Nduwayezu.

"Niyubahwe," Mwalimu akatania, "mlipanga nini na mama huyu?"

"Simjui, Mwalimu. Ni muuza mihogo tu." Alipolisema hilo ganzi ilimpanda mpaka midomoni.

"Basi nafasi ni yako. Umeshinda."

Wachache walipiga makofi. Nduwayezu aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Niyubahwe alingoja furaha ije. Haikuja. Alijaribu kumwonea huruma Nduwayezu, nayo ikagoma.

Walipotoka alimfuata Mama Mihogo nyuma ya darasa, na kopo la unga alilopewa na Mama Dorcas asubuhi. Mama yule alimjazia mihogo kwenye kanga mpaka ikawa inadondoka, kisha akausukuma unga urudi.

"Sitakuja tena," alisema, midomo haichezi, macho yakiwa kwa watoto wanaopita. "Wataanza kufananisha nyuso zetu. Mwambie Mama Dorcas kaburi la Niyubahwe wake nimelipalilia, pale pale mgombani kwetu. Nawe nenda ukasome, Immakulata wangu."